Safari ya Kilosa Mpaka Mikumi, na Habari ya Nyumba ya Yatima

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waalimu wa vijijini, nataka kuwaeleza safari yangu ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Si safari ndefu, walakini nilipotoka nalikuwa na shauri moja moyoni, na niliporudi nalikuwa na jingine. Labda mmoja wenu atatumwa kazi kama ile niliyotumwa mimi. Basi afadhali asome habari hii kwanza.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 kanisa moja dogo la ng'ambo, ambalo wazee wetu wana urafiki nalo tangu zamani, lilituletea barua. Walisema wamesikia ya kuwa kwetu wako watoto waliofiwa na wazazi, nao wanataka kuchanga fedha ili tujenge nyumba ya yatima. Wakaomba vitu vitatu: hesabu ya watoto, picha zao, na ramani ya nyumba. Picha hizo walitaka kuzitundika mlangoni mwa kanisa lao kabla ya Krismasi, ili kila aingiaye aone na kutoa.

Wazee wetu walifurahi mno. Mmoja alikwisha kuchagua mahali pa kujenga, Mikumi, kando ya barabara kuu, wageni wapate kufika bila taabu. Mwingine alikwisha kuhesabu mabati. Wakanipa daftari na nauli, wakaniambia, "Mwalimu, nenda ukaandike majina, upige na picha." Nikaitika, maana hata mimi naliona ni neno jema lisilo na swali.

Kilosa, kama mjuavyo, ni mji wa mto na reli. Mto ni Mkondoa. Reli ni ile ya kati, ambayo Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Siku hizi, tangu mwaka 2024, treni ya umeme nayo hupita wilayani mwetu, ikipenya ndani ya milima kwa mapango marefu yaliyochimbwa. Mto huu ni baba mwema na baba mkali. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 ulifurika ukabomoa tuta lake, ukaingia mjini ukaangusha nyumba, ukaichukua na reli. Watu maelfu walikaa katika mahema. Mahema yale na unga ule mwingine ulitoka mbali, nasi hatukusahau. Lakini usiku wa kwanza, kabla mtu wa mbali hajasikia habari, kila mwenye nyumba mahali pa juu alilaza watoto wa wenziwe sakafuni kwake, bila kuuliza ni wa nani.

Na kabla ya reli zote mbili, njia ya misafara ilipita katika bonde hili hili la Mkondoa. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa minyororo walipita hapa, wakiteremka kwenda Bagamoyo. Nayakumbusha haya kwa kuwa kuchanga fedha ng'ambo kwa ajili ya watoto wa nchi hii si jambo jipya. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakakusanya watoto waliokombolewa katika utumwa, wakawalea, wakawafundisha kusoma na kulima na kazi za mikono. Fedha nyingi zilitoka kwa watoto wa Ulaya. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa alikuwa ameanzisha chama cha Utoto Mtakatifu, na kila mtoto aliyeingia aliombwa atoe senti moja kwa mwezi na sala moja kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba. Senti zile zililisha watoto wengi. Hata walipokua wakaoana, mapadre waliwapeleka bara kufanya vijiji vipya, kama Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882.

Basi nilipopanda basi dogo la Mikumi nalijiona kama mtu anayefuata njia njema iliyokwisha kukanyagwa. Sikufikiri bado ni watoto wa namna gani waliokuwa Bagamoyo.

Katika njia ya Kilosa na Mikumi kuna mahali paitwapo Ulaya. Msicheke, wasomaji, ni jina lake kweli, kata ya wilaya ya Kilosa, na watu wake ni wakulima wa mahindi na mpunga kama sisi. Mtu wa Kilosa akisema, "Jana nalikuwa Ulaya," hakuna anayestaajabu. Huko naliteremka, maana mwalimu wa shule aliniarifu ya kuwa yuko mtoto mchanga ambaye mama yake alifariki siku ya kumzaa.

Tukafika kwa bibi mmoja Msagara, mjane, nyumba yake ya udongo imefagiliwa vizuri. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, umri wake kama miezi minne, mdogo kuliko miezi yake. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Karibuni." Akatupa kigoda. Nikafungua daftari nikamweleza habari ya barua, na ya nyumba, na ya picha. Alisikiliza hata mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, mtoto huyu mtampeleka wapi?"

Nikajibu, "Mikumi, bibi. Atapata kitanda na chakula na watu wa kumlea."

Akasema, "Na mimi nitapata nini mgongoni?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa upole, kama mtu asemaye na mtoto wake: "Andika hivi, mwalimu. Huyu si yatima. Huyu ni mjukuu wangu. Mama yake nalimzaa mimi, na mjomba wake yule pale anapalilia. Lakini maziwa sina. Hapo ndipo tulipo na shida. Nampa uji mwepesi, nampa maziwa ya ng'ombe nikiyapata, na usiku hulia. Kama hao watu wana maziwa, na waniletee maziwa." Kisha akatazama daftari langu akauliza, "Je, watoto wa huko Ulaya kwingine hawana bibi zao?"

Mwalimu wa shule akacheka, na mimi nikacheka. Lakini picha sikupiga. Nalijiuliza kama ningependa picha ya mwanangu itundikwe mlangoni mwa watu nisiowajua, na chini yake maneno ya kuomba. Nikafunga daftari.

Mtajua ninyi waalimu ya kuwa bibi yule hakusema kwa ukaidi, bali kwa desturi. Kwa Wasagara, na kwa Wakaguru na Waluguru vilevile, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Mama akifa, ukoo haukufa. Na uji ule ulikuwa hatari ya kweli, maana mtoto asiyetimiza miezi sita hana tumbo la kuuweza, wala maziwa ya ng'ombe matupu hayamfai; yampasa maziwa ya mama, au yale ya kopo yaliyotengenezwa kwa watoto wachanga, na maji yaliyochemshwa vizuri. Kopo hilo lina bei, na mjane alimaye kwa jembe hawezi kulinunua kila juma. Basi mtoto yule alikuwa na ukoo mzima, na huku alikuwa anakonda.

Nikaenda zangu Mikumi. Mji huu ulipata jina lake kwa miti ya mikumi, yaani mivumo. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa na mpaka Zambia hupita katikati ya mji, na kabla ya kufika mjini hukata mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1964, yenye kilometa za mraba 3,230. Magari makubwa hulala hapo usiku. Pana Hospitali ya Mtakatifu Kizito, na maduka, na mama ntilie wengi. Mahali pa magari pana pia watoto waliozaliwa na watu wanaopita.

Nalikaa siku tano nikizunguka na wazee wa mtaa. Majina 23 yaliandikwa katika daftari langu. Usiku wa mwisho niliyasoma tena, nikaweka alama. Kumi na wanane walikuwa na bibi, au mjomba, au shangazi, au kaka mkubwa, nao walikuwa wakilala katika nyumba za ndugu hao. Shida yao ilikuwa sare ya shule, au chakula cha miezi ya njaa, au dawa. Wawili walikuwa na baba hai, aliyekwenda kutafuta kazi asitume kitu. Watatu tu hawakuwa na mtu. Wawili ni dada, ambao baba yao alikuja zamani kutoka nchi ya mbali kukata mkonge upande wa Kimamba, naye hakuacha jina la kijiji chake. Wa tatu ni mvulana, umri wake kama miaka tisa, aliyekuwa akichotea maji mama ntilie mmoja na kulala chini ya meza yake. Nilipomwuliza kwao ni wapi, alinionyesha barabara.

Baadaye nalisoma ya kuwa jambo hili si la Mikumi peke yake. Mwaka 2009 chama cha Save the Children kilichapa habari ya kwamba, katika nyumba za watoto duniani, angalau wanne katika kila watano wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Hapo nikaelewa kosa la kufananisha kazi yetu na ile ya Bagamoyo. Watoto wale walikuwa wameng'olewa kwao kwa nguvu, na njia ya kurudi hawakuijua. Misheni ilikuwa ndiyo ukoo wao kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Lakini tukimtoa mjukuu wa Ulaya mgongoni mwa bibi yake ili hesabu yetu itimie, sisi wenyewe ndio tunaomfanya yatima.

Mzee mmoja aliyekuwa zamani askari wa mbuga aliniambia neno jingine. Tembo wa Mikumi waliuawa wengi sana kwa ajili ya pembe, hata biashara ya pembe ilipokatazwa katika mataifa mwaka 1989. Wataalamu, na mmoja wao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, walichunguza majike waliobaki, wakachapa habari zao mwaka 2008. Waliona ya kuwa tembo waliobaki bila jike mzee na bila ndugu wa karibu walikuwa na dalili za mashaka katika miili yao miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza, nao walizaa kwa shida. Majani yalikuwepo na maji yalikuwepo. Mzee akasema, "Mwalimu, hata mnyama shibe haimtoshi." Mimi nilisoma shule ya misheni nikalala bwenini tangu nikiwa mdogo, na mama yangu alikuwa hai, na chakula kilikuwapo, na hata hivyo nakumbuka kilio cha usiku.

Tena naliona kitu cha kuhuzunisha. Si mbali na njia niliyopita zimesimama kuta za nyumba kubwa, zimefika kimo cha linta zikaachwa, na majani yameota ndani. Watu waliniambia ilianzwa kwa sadaka ya ng'ambo. Kisha kiongozi wa huko aliyekuwa na bidii akastaafu, na mwingine akawa na shauri lake. Hakuna aliyeiba. Fedha ilikoma tu. Nikashukuru ya kuwa hapakuwa na watoto ndani siku ilipokoma.

Nilipokwisha rudi Kilosa nalikwenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Alinieleza ya kuwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hakuna ruhusa kufungua makao ya watoto bila leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na ya kuwa makao ni mahali pa mwisho: kwanza hutafutwa ukoo, kisha jamaa ya kumlea mtoto kwa malezi ya kambo, yaani nyumba ya watu wema waliokaguliwa na kuandikwa. Akaniuliza, "Kanisani kwenu mna nyumba ngapi za watu wema?" Swali hilo nalo liliniingia.

Akanishauri niifikirie Berega, wilayani humu humu. Kanisa la Anglikana lina hospitali huko, na pamoja nayo nyumba ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Nyumba ile imejulikana kwa desturi moja: mtoto haji peke yake. Huja na msichana wa ukoo wake, naye huitwa binti. Ndiye amlishaye na kumwogesha na kulala naye, na nyumba humsaidia kwa maziwa na mafundisho. Mtoto akifika umri wa miaka miwili au mitatu hivi, akiweza kula chakula cha nyumbani, hurudi kwao akimjua mtu wa kwao. Rafiki wa ng'ambo husaidia, na bado mtoto ni wa ukoo. Nikasema moyoni, kumbe jibu lilikuwa jirani, nasi tulikuwa tukitazama bahari.

Basi wazee wakakutana, nikawasomea daftari. Palikuwa na maneno makali. Mmoja alisema, "Mwalimu, ukiwaandikia ya kuwa yatima ni watatu, watapeleka fedha kwingine. Nyumba huonekana katika picha. Kopo la maziwa haliwezi kuwekewa jiwe la msingi." Alisema kweli, wala sikumdharau, maana yeye mwenyewe alilea watoto wa ndugu yake wanne. Nikajibu ya kuwa Yakobo katika waraka wake aliwataja yatima na wajane pamoja, na bibi wa Ulaya ni mjane. Tukimjengea mmoja nyumba kwa kumnyang'anya mwingine, tutakuwa tumesaidia nusu na kuharibu nusu. Mama mmoja, mzee wa kanisa, akasimama akasema, "Tunabishana juu ya barua, na mtoto anakunywa uji." Akaweka noti mezani. Jumapili ile sisi wenyewe tulichanga, na makopo ya kwanza yalikwenda Ulaya kwa fedha ya Kilosa.

Kisha tukaandika barua. Tuliomba maziwa ya watoto wachanga kwa miaka miwili, na sare na madaftari kwa wale wa shule, na mbuzi wa maziwa kwa mabibi walio na majani karibu. Tuliahidi ya kuwa sisi tutatoa watu wa kuwatembelea, na hesabu itasomwa hadharani kila miezi mitatu, huku na huko. Na tulisema wazi ya kuwa picha za watoto hatutapeleka. Tulipeleka picha ya mto Mkondoa.

Sitawaficha yaliyofuata. Fedha iliyokuja haikufika nusu ya ile iliyosemwa kwanza. Wengine huko walitaka nyumba yenye jina lao mlangoni, nao wakavunjika moyo. Lakini mwalimu wa shule ya Jumapili wa kanisa lile alituandikia ya kuwa watoto wake wamechukua shauri la maziwa, na kila mwezi hutia sarafu katika kopo tupu. Nikakumbuka senti za mwaka 1843.

Mtoto wa Ulaya sasa anatembea. Nilipopita mara ya mwisho alinikimbia akajificha nyuma ya bibi yake, nami nikafurahi kukimbiwa, kwa kuwa alijua mahali pa kukimbilia. Mvulana wa Mikumi analelewa na jamaa ya mwalimu mmoja, kwa karatasi ya ofisa wa ustawi wa jamii, naye yuko darasa la pili akiwa mrefu kuliko wenziwe.

Wamebaki wale dada wawili. Wanakaa kwa muda kwa mwinjilisti mwenye watoto saba na vyumba viwili, na ofisa hataki watenganishwe, wala sisi hatutaki. Kwa ajili yao ndiyo maana nimeandika. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na fedha ya mbali haiwezi kuifanya kazi hiyo. Ninyi jamaa za Wakristo mnaosoma gazeti hili jioni, taa ikiwaka na watoto wakiwa wamelala, tazameni kama mkeka mmoja haujabaki. Aliye nao na aende kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya yake, akaulize habari ya malezi ya kambo. Na ninyi waalimu mtakaopewa daftari kama langu, kabla ya kuandika jina la mtoto, mwulizeni kwanza yule aliyembeba mgongoni.

Wasalaam,
mimi ndugu yenu, mwalimu wa katekisimu, Kilosa.